Hotuba moja, tafsiri tatu: niamini ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Juzi kiongozi wa nchi moja ya mbali alihutubia taifa lake kuhusu mahasimu wake. Chombo kimoja cha habari kikaandika kwamba amesema "tutawaangamiza", kingine kikaandika "tutawashinda", na programu ya kutafsiri kwenye simu yangu ikanipa "tutawamaliza". Lugha yake siijui hata neno. Nimwamini nani? Na kama wataalamu wenyewe hawaafikiani, mimi ninayetumia simu kutafsiri barua, maelezo ya dawa na mkataba wa kazi nina usalama gani?

Jibu: Marahaba. Niseme mapema kwamba maneno yote matatu yanaweza kuwa tafsiri halali ya kitenzi kimoja. Chukua Kiswahili chenyewe. "Tumewamaliza" husemwa na mashabiki baada ya mechi, husemwa na mfanyabiashara aliyewazidi washindani wake, na husemwa na askari kuhusu watu ambao sasa ni maiti. Mpe mfasiri wa Kirusi au wa Kikorea neno hilo peke yake, bila sentensi iliyolitangulia, atalazimika kuchagua. Wenzake wawili nao wanaweza kuchagua vingine, na katika hao watatu asiwepo mwongo hata mmoja.

Kwa hiyo nakushauri uliweke kando kwa muda swali la nani anadanganya, uulize sentensi hiyo imepitia wapi hadi kukufikia. Ilifasiriwa papo kwa papo, au mtu alikaa nayo akaiandika? Imetoka moja kwa moja katika lugha yake, au imepitia lugha nyingine njiani? Na imekatwa wapi? Mtu asiyejua hata kidogo lugha chanzi, yaani ile maneno yaliyotamkwa kwayo, anaweza kuyauliza maswali haya, na mara nyingi majibu yake yamo ndani ya habari yenyewe ukiisoma kwa makini.

Tuanze na papo kwa papo. Ukalimani wa mtu aliye kibandani, anayesikiliza na kusema kwa wakati uleule, ulijulikana duniani kwa kesi ya viongozi wa Kinazi huko Nuremberg, Ujerumani, iliyoanza Novemba 20, 1945. Mahakama ile iliendeshwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani, na wazungumzaji waliwekewa taa mbili: ya njano ikiwaka, apunguze kasi, nyekundu ikiwaka, anyamaze. Ukizifikiria taa zile unaielewa kazi. Kijerumani huweza kukiacha kitenzi hadi mwisho wa sentensi. Mkalimani anashika mtenda, mtendwa, mahali na siku, kisha anangoja kujua kama mtu huyo aliua, aliokoa au alikataa. Akingoja mno, sentensi inayofuata inamkuta bado ana deni la ile ya kwanza. Akitangulia, anabahatisha. Ndiyo maana katika kibanda hukaa wawili au zaidi, wakapokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwani akili huanza kukosea kabla mwenyewe hajahisi kwamba amechoka.

Nawaheshimu mno watu wanaofanya kazi hiyo. Lakini kwa heshima hiyohiyo nasema kwamba sentensi uliyoisikia kwa sauti ya mkalimani wakati hotuba ikiendelea ni ya muda. Umoja wa Mataifa, wenye lugha rasmi sita (Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania), hauihesabu sauti ya mkalimani kuwa kumbukumbu rasmi ya kikao. Kumbukumbu ni hotuba ya asili, au tafsiri ya maandishi iliyokwisha kuhakikiwa. Kama Umoja wa Mataifa unasubiri maandishi, nawe una haki ya kusubiri kabla ya kuisambaza nukuu nzito. Ofisi nyingi za viongozi huchapisha hotuba nzima siku ileile au kesho yake, na vyombo makini hurekebisha maneno yao baada ya kuisoma. Kwa hiyo tazama saa ya habari. Ile iliyoandikwa dakika chache baada ya hotuba na ile iliyoandikwa siku mbili baadaye hazina uzito sawa, hata kama zimetoka katika chombo kimoja.

Sasa njia. Habari nyingi za nje zinazosomwa kwa Kiswahili zimepitia Kiingereza, kutoka kwa mashirika kama Reuters, AP na AFP. Kwa hiyo mara nyingi unachosoma ni tafsiri ya tafsiri. Si aibu. Umoja wa Ulaya wenye lugha rasmi 24 hufanya vivyo hivyo katika vikao vyake: pakikosekana mtu wa kutoka Kimalta kwenda Kiestonia, mmoja huleta maneno kwa Kiingereza au Kifaransa, na mwingine hupokea hapo. Ila kila kituo njiani hubakiza kitu. Kiarabu hutofautisha anayeambiwa akiwa mmoja, wakiwa wawili na wakiwa wengi. Kiingereza kina neno moja kwa wote. Mfasiri wa Kiswahili analazimika kuchagua kati ya "nitakuuliza" na "nitawauliza", na pale alipo hana tena pa kushika: tofauti ilikuwapo mwanzoni, ikapotea katikati, na sasa anatakiwa airudishe kwa kukisia. Kisia hilo likienda vibaya, kauli iliyoelekezwa kwa umma inageuka tishio kwa mtu mmoja.

Tarakimu nazo. Kifaransa kikiandika "billion" kinamaanisha milioni ya milioni, yaani ile tunayoiita trilioni. Bilioni yetu wao huiita "milliard". Neno linafanana mno na letu, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu anayefasiri kwa haraka ataipunguza bajeti ya nchi nzima mara elfu moja bila jicho lake kushtuka. Ukiona kiasi cha fedha cha ajabu katika habari ya kutafsiriwa, kipime kwanza kwa akili: kigawe kwa idadi ya watu wa nchi hiyo uone kama kinaingia akilini.

Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika Februari 2022. Wengi walishangilia heshima. Mimi nilishangilia kazi, maana vikao hivyo vitahitaji watu wanaofasiri moja kwa moja kati ya Kiswahili na Kiarabu, Kiswahili na Kireno, Kiswahili na Kifaransa, bila kupita kwa Mwingereza. Watu hao tunao wachache. Kila mmoja atakayeongezeka atapunguza kituo kimoja katika safari ya maneno yanayotufikia.

Swali la tatu, la wapi sentensi imekatwa, ndilo ninalokuomba ulishike kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna tukio linalofanana sana na lako. Novemba 18, 1956, katika tafrija kwenye ubalozi wa Poland mjini Moscow, kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev aliwaambia mabalozi wa nchi za Magharibi: "Tutawazika." Baadhi yao walitoka ukumbini. Kesho yake maneno hayo yalikuwa katika magazeti, na watu waliyasoma kama tishio la silaha za nyuklia. Tangu hapo hadithi hiyo husimuliwa kama mfano wa mkalimani aliyekosea. Mimi sikubaliani. Mkalimani wake, Viktor Sukhodrev, alitafsiri neno kwa neno, na neno lenyewe lilikuwa hilohilo.

Kilichokosekana ni vitu viwili. Cha kwanza ni sentensi iliyotangulia, ambamo Khrushchev alisema kwamba mabalozi hao wapende wasipende, historia iko upande wa Wasovieti. Cha pili ni fikra iliyokuwa nyuma yake, ya Karl Marx, kwamba ubepari huzalisha wachimba kaburi wake wenyewe, yaani tabaka la wafanyakazi. Mwaka 1963, akiwa ziarani Yugoslavia, Khrushchev alieleza mwenyewe kwamba hakuwa na maana ya kuwazika watu kwa sepetu. Wafanyakazi wa Magharibi wenyewe ndio wangeuzika mfumo huo wa ubepari. Kwa Kiswahili tungeweza kulisikia hilo vizuri kuliko Kiingereza kilivyolisikia. Sisi mzazi humwambia mwanawe "wewe ndiye utakayenizika", na hakuna anayedhani mtoto ana kisu. Kuzika ni kazi ya anayebaki. Lakini maneno hayo yalisafiri peke yake, bila jirani zake, yakafika yamevaa damu.

Sitaki uondoke na dhana kwamba Khrushchev alikuwa akiwatakia mema. Kauli ilikuwa ya kiburi na ya uadui. Ila kati ya "tutaishi kuliko ninyi" na "tutawaua" kuna umbali ambao serikali hupangia majeshi. Kwa hiyo, kwenye hotuba yako, tafuta sentensi iliyo kabla ya "tutawaangamiza" na ile inayofuata. Chombo kinachokupa aya nzima kinastahili imani kuliko kinachokupa neno moja ndani ya alama za kunukuu, hata kama hicho cha pili kina jina kubwa. Kama kiongozi alikuwa akizungumzia uchaguzi, uchumi au vita, aya itakuonyesha, na utajikuta unaweza kuchagua kati ya tafsiri tatu bila kujua herufi moja ya lugha yake.

Na tafsiri zikiendelea kupingana hata baada ya muda kupita? Hapo kupingana kwenyewe ni habari. Kunakuonyesha mahali ambapo matini chanzi ina utata, pengine wa makusudi. Azimio namba 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Novemba 22, 1967, linaitaka Israeli iondoe majeshi yake kutoka maeneo iliyoyakalia katika vita vya mwaka huo. Matini ya Kiingereza imetaja maeneo bila kibainishi (neno dogo kama "the", linaloonyesha kwamba kinachotajwa ni kile mahususi), hivyo wengine husema haikusema yote. Matini ya Kifaransa ina kibainishi, na wengine husoma humo kwamba ni maeneo yote. Mabishano hayo yameendelea kwa miongo, katika vyuo na katika meza za mazungumzo. Sasa liandike azimio hilo kwa Kiswahili: "kutoka maeneo yaliyokaliwa". Ugomvi wote umeyeyuka, kwa sababu lugha yetu haina kibainishi cha aina hiyo. Sentensi ni safi na inasomeka vizuri, na msomaji hataambiwa kamwe kwamba hapo kuna jambo. Mfasiri mwaminifu huongeza maelezo mafupi pembeni. Mfasiri akiongeza maelezo ya namna hiyo, usiyaruke. Mara nyingi ndiyo sehemu muhimu kuliko zote.

Kuna hadithi moja utakayokutana nayo ukianza kufuatilia mambo haya. Husemwa kwamba Hiroshima ilipigwa bomu kwa sababu ya neno la Kijapani "mokusatsu", alilolitamka waziri mkuu Suzuki Kantaro Julai 28, 1945 alipoulizwa kuhusu tamko la Potsdam lililoitaka Japani isalimu amri, neno linaloweza kumaanisha kukaa kimya au kupuuza kwa dharau. Utata wa neno ni wa kweli. Lakini agizo la kutumia bomu lilikuwa limeshatolewa Julai 25, siku tatu kabla ya jibu hilo. Kulitwika neno moja maafa ya mji mzima ni kuwapunguzia mzigo walioamua.

Tuje kwenye simu yako, maana hapo ndipo hasara inapoweza kukugusa wewe mwenyewe.

Programu za kutafsiri za zamani zilikosea kwa sauti kubwa. Sentensi ilitoka imevunjika, nawe ukajua hapa pana shida. Tangu mwaka 2016, Google ilipoanza kutumia mitandao ya neva (programu zinazojifunza zenyewe kutokana na mifano), na wengine wakafuata, sentensi hutoka laini. Mashine imejifunza kutoka katika sentensi nyingi mno ambazo binadamu walikwisha kuzitafsiri, na kazi yake ni kukisia maneno yanayoelekea kufuata. Ikikosa uhakika haigugumizi. Inakupa sentensi nzuri. Kwa lugha zenye maandishi mengi mtandaoni, kisia lake huwa karibu na ukweli. Kwa Kiswahili, chenye maandishi machache kuliko idadi ya wasemaji wake inavyostahili, linayumba zaidi, na ulaini wa sentensi hauyumbi hata kidogo. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Makosa yake yana mahali pa kawaida, na ukiyajua utayakuta. Lililo wazi kuliko yote ni saa. Kiingereza kikisema 7 a.m., sisi ni saa moja asubuhi, lakini mashine mara nyingi huandika "saa 7 asubuhi", saa ambayo haipo. Mwenye miadi ya hospitali au safari ya ndege anaweza kuharibikiwa kabisa. Ukiona muda katika tafsiri, rudi kwenye matini ya asili uangalie tarakimu. Jingine ni "yeye" yetu, ambayo haina mume wala mke. Andika "daktari amesema atakuja" na "muuguzi amesema atakuja", uombe Kiingereza. Mara nyingi daktari atakuwa mwanamume na muuguzi mwanamke, kwa kuwa ndivyo maandishi yaliyoifunza yalivyokuwa. Katika barua ya kawaida hilo ni dogo. Katika maelezo ya shahidi kwa polisi linaweza kumbadilisha mtuhumiwa. Kanusho, kama "si" au "usi-", nalo hupotea katika sentensi ndefu, na majina ya watu yenye maana hutafsiriwa kana kwamba ni maneno ya kawaida, hata Bwana Furaha akawa hisia.

Oktoba 2017 mfanyakazi mmoja wa Kipalestina katika Ukingo wa Magharibi aliweka kwenye Facebook picha yake akiwa karibu na tingatinga, akaandika kwa Kiarabu salamu ya asubuhi. Tafsiri ya mashine kwa Kiebrania ikatoa "washambulie". Polisi wa Israeli wakamkamata, wakamhoji kwa saa kadhaa ndipo wakamwachilia, na Facebook ikaomba radhi. Mashine ilikosea, sawa. Kinachonisumbua mimi ni kwamba hakuna aliyemwomba mtu anayejua Kiarabu asome neno lile kabla mtu hajatiwa mbaroni, wakati wasemaji wa Kiarabu walikuwa tele.

Watu wengi hujaribu kujihakikishia kwa kuirudisha tafsiri ilikotoka: Kiswahili kwenda Kichina, halafu Kichina kwenda Kiswahili. Usiutegemee mtihani huo. Mashine iliyokosea kwenda inaweza kukosea kurudi kwa njia ileile, na sentensi yako ikakurudia nzima huku ile ya katikati, ambayo mwenzako ndiyo atakayoisoma, haina maana. Bora uandike sentensi fupi, kila moja na mtenda wake, uepuke misemo, kisha uitumie programu ya kampuni nyingine kuisoma ile tafsiri. Zikitofautiana, umejua pa kuuliza.

Kwa barua za salamu, matangazo, mapishi, kusoma habari ili ujue zinahusu nini, tumia simu bila hofu. Imewafungulia watu milango iliyokuwa imefungwa, na sioni sababu ya kuibeza. Kwa dawa, hapana. Kiingereza huandika "once" kwa maana ya mara moja. Kihispania huandika herufi hizohizo kwa maana ya kumi na moja. Huhitaji kuwaza sana kuona kinachoweza kutokea kwenye chupa ya vidonge. Na mwaka 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake ikatumia neno la Kihispania "intoxicado", ambalo kwao lilimaanisha amedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Madaktari wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya, kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Alipooza miguu na mikono. Pale hapakuwa na mkalimani, na hakuna aliyeona haja ya kumwita, kwa kuwa kila upande uliamini umeelewa.

Kwa hiyo maelezo ya dawa mwonyeshe mfamasia, umwambie wewe kwa maneno yako utakavyozitumia, naye asahihishe. Hospitalini omba mkalimani, na tafadhali usimfanye mtoto wako kuwa mkalimani wako. Watoto hujifunza lugha ya ugenini upesi, wazazi wakaona ni msaada. Lakini mtoto hulainisha habari mbaya ili asimuumize mama, huruka asilolielewa, na anabeba siri za mwili wa mzazi ambazo si zake kubeba.

Mkataba wa kazi umeuweka mwishoni mwa swali lako, nami nauchukulia kwa uzito. Mwaka 1889 Ethiopia chini ya Menelik II na Italia zilitia sahihi mkataba wa Wuchale, nakala moja ya Kiamhari na nyingine ya Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na nchi nyingine. Kwa Kiitaliano kilisomeka kwamba amekubali kuitumia, na Italia ikakitegemea kutangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba huo, vita vikaja, na Machi 1, 1896 jeshi la Italia likashindwa huko Adwa. Mwaka huohuo mkataba mpya wa Addis Ababa ukaufuta ule wa Wuchale. Leo mikataba ya mataifa ina kanuni: Mkataba wa Vienna wa 1969, kifungu cha 33, unasema matini za lugha mbalimbali zilizothibitishwa zina nguvu sawa, isipokuwa pale wenyewe walipokubaliana kwamba ipi itashinda zikitofautiana.

Wewe huna jeshi, lakini unaweza kukitafuta kifungu hicho. Kwenye kurasa za mwisho za mikataba mingi ya lugha mbili huwa kuna mstari unaosema nakala ya lugha gani ndiyo yenye nguvu. Kama ni lugha usiyoijua, basi ile ya Kiswahili uliyopewa ni ya kukusaidia kuelewa tu, na hiyo nyingine ndiyo itakayosomwa mbele ya hakimu. Hapo lipa mfasiri aliyesajiliwa, angalau kwa vifungu vya mshahara, muda, likizo, adhabu na kuvunja mkataba, umwombe aweke sahihi na mhuri. Kama mkataba hausemi lolote kuhusu lugha, omba mstari huo uandikwe kabla hujatia sahihi. Mwajiri akikataa kuuandika, mwombe akueleze sababu yake kwa maandishi.